Uso wa Duane Jones sasa unaonekana

Kama Night of the Living Dead, ile muvi ya mazombi ambayo Duane Jones ndiye nyota wake, uliiona kwa zile DVD za muvi ishirini diski moja za River Road, mi nakwambia hiyo muvi bado hujaiona, mpaka uone ile iliyosafishwa upya. Ulichoona ni kopi ya kopi ya kopi: weupe umeungua, weusi umemeza kila kitu, sauti inakwaruza mwanzo mpaka mwisho. Na sote tulikuwa tunasema ni muvi ya kitambo, ya watu hawakuwa na pesa, lazima ikae hivyo.

Pesa hawakuwa nayo, hiyo ni kweli. George Romero, mwelekezi wake, na wenzake walikuwa vijana wa Pittsburgh kule Marekani wanashuti matangazo ya biashara, wakachangachanga wakafikisha kama dola 114,000, na muvi ikatoka 1968. Damu ni sosi ya chokoleti, kwa picha isiyo na rangi nani atajua. Lakini walishuti kwa filamu ya kweli ya milimita 35, na taa walizielewa vizuri sana kwa sababu ndio ilikuwa kazi yao ya kila siku.

Kilichoiumiza ni mambo ya karatasi. Mwanzoni ilikuwa inaitwa Night of the Flesh Eaters, msambazaji akabadilisha jina, na ile kadi mpya ya jina ikatoka bila alama ya haki miliki. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilikuwa ukikosa hiyo alama kazi inakuwa ya kila mtu, kwa hivyo yeyote mwenye printi mbovu angeweza kutoa kanda na kuuza, na wakatoa kweli, na waliotengeneza muvi hawakupata chao. 1986 kuna watu hadi waliipaka rangi.

Sasa kilichotuokoa ni kwamba negativu yenyewe, ile iliyopita ndani ya kamera, ilikuwa imehifadhiwa. Jumba la makumbusho la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation, shirika alilolianzisha Martin Scorsese, wakaichukua wakaiskani kwa 4K, yaani picha kali sana, pesa zingine zikatoka kwa wakfu wa familia ya George Lucas, na Romero mwenyewe alikuwepo kusimamia na akaiona kabla hajafariki 2017. Muvi ni dakika 96, kila sekunde ni fremu 24, piga hesabu utapata zaidi ya fremu 138,000, na kila moja inabidi iangaliwe, huku mkwaruzo, pale vumbi, pengine mwanga umeyumba. Hii kazi naiheshimu sana.

Na matokeo yake mi nayaona zaidi kwa Duane Jones. Huyu ndiye Ben, mtu mweusi anayeongoza nyumba nzima ya wazungu wenye hofu, 1968, na hakuna mtu kwa hiyo muvi anasema chochote kuhusu rangi yake. Kwa zile kopi mbovu, picha ikiwa ya usiku uso wake ulikuwa unapotea kabisa, unabaki na shati na macho, kwa sababu kila ukikopi kopi zile sehemu za giza ndio zinaenda kwanza. Yaani mwigizaji mkuu alifutwa na ubovu wa printi na hatukujua. Sai unaona jasho, unaona anafikiria, ile sehemu anapigilia mbao dirishani huku anaongea polepole unaona amechoka na bado anajikaza ndio yule msichana aliye naye ndani ya nyumba asizidi kuogopa. Hiyo ni uigizaji wa hali ya juu jamani, na tuliukosa miaka yote hiyo.

Kitu kingine, hawakuipangusa sana. Zile chembechembe zinazocheza kwa picha wameziacha, na wamefanya poa kwa sababu hizo ndizo filamu yenyewe. Kuna kampuni zikirestoa muvi zinaziondoa zote na programu, nyuso zinakuwa kama za nta. Mtu akikuambia chembechembe ni uchafu usimskize.

Kwa wenye wanataka kununua: Criterion, kampuni ya Marekani ya kutoa diski za muvi, waliitoa Blu-ray 2018 na 4K 2022. Diski za Blu-ray hufungwa kulingana na eneo la dunia, na hapa Kenya tuko kanda B na ya Marekani ni kanda A, kwa hivyo inaweza kukataa kwa mashine yako, lakini diski za 4K hazina kufuli ya kanda, bora uwe na pleya ya 4K. Halafu usivute picha ijae TV, hiyo mistari myeusi ya pembeni ni sawa, muvi ilishutiwa karibu mraba. Na ndani kuna ile kopi ya mwanzo ambayo walikuwa wanafanyia kazi kabla muvi haijakamilika, ikiwa bado inaitwa Night of Anubis, usiiruke.

Mi sasa nataka muvi zetu za Kenya, diski ya Kolormask ya Sao Gamba, ya 1986, na Saikati ya Anne Mungai, ya 1992, zimesafishwa hivi hivi, na nitalipa bei yoyote ya haki. Na kama kwenu kuna mkebe wa filamu, labda babu au mjomba alikuwa mpiga picha, tafadhali ufungue unuse. Ukisikia harufu ya siki filamu imeanza kuoza, na joto na unyevu ndio vinaikimbiza. Itoe huko juu ya dari chini ya mabati leo, uiweke mahali pakavu penye baridi, na utafute mtu wa kuiskani mapema.