Maji ya Chupa, Njiani Kwenda Chake

Uwanja wa ndege wa Unguja walitupima kama magunia ya karafuu: mtu na mkoba wake juu ya mizani, kilo zikasomwa kwa sauti. Nadhani uzito ndio ulionipa kiti cha mbele. Kidege kilikuwa na rubani mmoja, ubavuni mwake patupu. "Mama, wewe njoo huku. Ila tafadhali, usiguse kitu."

Ilikuwa Mei, masika bado. Unguja ilipoishia chini yetu, bahari nayo ikafutika. Nje weupe mtupu, kama tumetumbukizwa kwenye tui. Nikaipakata chupa yangu ya maji. Maji yakitulia, nikajisemea, basi tumenyooka.

"Tunakwenda sawa, Kapteni?"

"Tunakata kona kulia." Akanionesha kioo cha duara, nusu buluu ya mbingu, nusu kahawia ya ardhi. Mstari wa katikati umelala upande. Nikatazama chupa: maji sawasawa, kama yako mezani. Mwili nao ulikuwa tayari kuapa kwamba hatujapinda.

"Ndilo lililowaponza wa Douala," akasema. Jamani, mtu na akili zake anataja ajali tukiwa mawinguni!

Naikumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, kwenda Nairobi, na watu 114. Dhoruba, giza, nje hakuna cha kushikia jicho. Kapteni alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika, kumbe haukushika, na mwenzake hakumsahihisha. Ndege ikawa inalalia kulia taratibu, kiasi cha mwili kutohisi. Tahadhari ilipolia, kapteni akashtuka, akapeleka usukani kulekule kulia. Hata dakika mbili hazikutimia tangu iruke. Hakupona mtu. Wachunguzi walisema marubani hawakuwa wakivifuatilia vyombo vyao. Na ilikuwa imezama kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita zisizofika sita kutoka uwanjani, huku watu wakiitafuta mbali. Haikuonekana mpaka kesho yake.

Rubani wangu alinyamaza. Jicho lake lilikwenda kwenye kioo, likahamia pembeni, likarudi kwenye kioo. Nikaacha kumsemesha.

Weupe ukapasuka ghafla: Pemba, na mikoko yake ikiwa imeshikana mpaka majini, kijito cha kahawia kikijipindapinda katikati. Nilikuwa bado nimeikumbatia chupa magurudumu yalipogusa lami. Sikuwa nimekunywa hata funda moja.