Kwani unalipwa kuitetea?

Maneno yenyewe ndiyo hayo matatu, na nina hakika aliyeyasema aliyasahau kabla hajalala. Mimi nimekaa nayo wiki nzima. Tena wiki yenyewe haikuwa ndogo: kaka amepata mtoto wa kike, mama na mtoto wazima, tunamshukuru Mungu, na ofisini bosi ametuaga, idara yetu inaunganishwa na ile ya ghorofa ya juu. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kuandika habari ya shemeji na meza.

Ile tamthilia mnaijua, nimewasumbua nayo tangu msimu wa kwanza. Kama hujaona sehemu ya mwisho na unataka kuiona mwenyewe, ishia hapa, tusije tukalaumiana.

Tulikuwa kwa dada tukiitazama, sebule imejaa. Barua aliyoiacha yule mzee, ambayo tangu mwanzo haijafunguliwa, hatimaye yule mama, mkewe, anaifungua. Anaisoma. Hatuonyeshwi hata mstari mmoja, tunaona uso wake tu. Anaikunja, anaikunja tena, anainama, anaitia chini ya mguu wa ile meza inayocheza. Anaitikisa meza kwa kiganja. Imetulia. Majina yanaanza kupanda.

Dada akasema, "Eeh! Ndiyo imeisha?" Mwanawe akanigeukia, "Mama mdogo, barua imeandikwaje?" kana kwamba mimi nimeisoma. Shemeji akalipuka.

"Shemeji, hawa watu wametuibia. Misimu yote hiyo mtu unasubiri barua, halafu inakwenda kuwa kabari ya meza?"

Nikamwambia jibu liko hapo hapo kwenye kabari. Meza ile kila mtu ameilalamikia na hakuna aliyeitengeneza. Yule mama amechoka kuishi kwa kungoja maneno ya mtu aliyeondoka, sasa ameamua karatasi ile ifanye kazi ndani ya nyumba yake. Niliongea kwa kirefu. Nadhani nilisimama, maana nakumbuka nikiviona vichwa vyao kutoka juu. Nilieleza mpaka ule mwanga wa dirishani, jinsi ulivyohama kutoka ukutani ukafika mezani.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akainama kutafuta rimoti chini ya kochi, na akiwa huko huko chini akasema, "Shemeji, kwani unalipwa kuitetea?"

Watu wakacheka. Dada alicheka. Mimi pia nilicheka, nikasema ningelipwa ningekuwa mbali, mazungumzo yakahamia kwingine.

Njiani kurudi ndipo yalipoanza kuniuma. Tangu hapo nimeyarudia kwa kila sauti. Kwa sauti ya utani, maana mimi na shemeji tumezoea kutaniana. Kwa sauti ya mtu aliyechoka anayetaka wageni waondoke. Kwa sauti ya mtu anayemaanisha kabisa kwamba hakuna sababu nyingine ya mtu mzima kuongea vile juu ya kitu cha kwenye runinga, isipokuwa awe anapewa pesa. Hii ya mwisho ndiyo inayoniamsha usiku. Angesema nimekosea, ningelala. Anayekwambia umekosea bado anabishana nawe. Anayekuuliza nani anakulipa ameshakutoa kwenye baraza.

Basi nimemjibu. Nimemjibu bafuni, nimemjibu kwenye foleni, nimemjibu nikipiga pasi. Nimemwambia: shemeji, Desemba 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes, mpelelezi aliyembuni mwenyewe, kwenye kurasa za jarida la The Strand, akamwacha apotelee kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Wasomaji waligadhibika. Mwandishi mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanamke mmoja alimwandikia barua iliyoanza kwa kumwita mnyama. Nani alimlipa yule mama? Alitafuta karatasi, akaketi, akaandika, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Na Conan Doyle, ambaye alikuwa amemchoka Holmes kwelikweli, mwaka 1903 alimrudisha hai.

Nimemwambia habari za Kichomi. Kezilahabi alipotoa diwani ile mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wapenzi wa ushairi walipasuka pande mbili. Walioshika mapokeo walisema hayo si mashairi kabisa. Wengine wakasema ushairi umepata pumzi. Ubishi ule umeendelea miaka na miaka, vitabuni na madarasani, watu wazima wenye heshima zao wakikabana koo kwa sababu ya silabi. Pande zote mbili zilikuwa zinaupenda ushairi, ndiyo maana hakuna upande uliokubali kumwachia mwenzake.

Na jibu ninalolipenda kuliko yote ni la Manchester, Mei 17, 1966. Watu walimjua mwimbaji Bob Dylan na galatoni lake, gitaa lisilo la umeme. Nusu ya kwanza ya onyesho alipiga hivyo, peke yake. Nusu ya pili akapanda na bendi na magitaa ya umeme, na katikati ya nyimbo mtu mmoja ukumbini akapaza sauti: "Yuda!" Inasikika kwenye rekodi. Dylan akamjibu kwamba hamwamini, akawageukia wenzake wapige kwa nguvu. Rekodi ile ilizunguka mikononi mwa mashabiki miaka mingi, tena ikiitwa kwa jina la ukumbi mwingine wa London, mpaka ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Mtu yule hakulipwa, shemeji. Yule alikata tiketi. Aliingia na mapenzi yake yote, akaona kinachopendwa kinageuzwa mbele ya macho yake, akapiga kelele. Mimi sikubaliani naye hata kidogo, magitaa ya umeme yale ni mazuri mno, lakini ningekaa naye kiti kimoja usiku kucha tukibishana.

Kilichoniudhi zaidi kwa shemeji ni kwamba kabla majina hayajaisha kupanda alikuwa ameshatoa simu na kuipa tamthilia nzima nyota moja. Msimamo wangu kuhusu nyota mnaujua. Mtu akiniambia kazi fulani ameipa mbili kati ya tano, nimejua amenuna, sijajua alichokiona. Niambie ni wapi. Ni tukio gani lililokukera, ni sentensi gani uliifikia ukafunga kitabu, ni mahali gani kwenye wimbo mkono wako ulikwenda wenyewe kuongeza sauti. Ukinitajia mahali, hata ukiponda kitu ninachokipenda kuliko vyote, nitarudi nikatazame. Ukiniambia "mbovu" ukanyamaza, au "kali" ukanyamaza, umeniacha nimesimama mlangoni.

Niliandika mpaka hapo Jumatano jioni, nikafunga nikiwa bado na hasira. Usiku ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji. Nilidhani ni habari za mtoto wa kaka. Ulikuwa mrefu, na nyuma yake nikasikia ule muziki wa mwanzo wa tamthilia.

"Shemeji, umelala? Sikiliza. Nimeurudia msimu wa kwanza. Nenda sehemu ya pili, mzee bado yupo. Usimtazame binti, tazama chini ya meza, mguu wa nyuma."

Kisha akanieleza. Mzee anainama, anakunja karatasi, anaitia pale pale. Sehemu inayofuata mzee ameshaondoka, binti mdogo anafagia, karatasi inatoka pamoja na taka. Hakuna anayesema neno. Kuanzia siku hiyo ndipo meza inaanza kucheza.

"Kwa hiyo kuiweka sawa ile meza ilikuwa kazi ya mzee, shemeji. Yule mama amemrudishia mzee kazi yake." Akavuta pumzi. "Ila mwisho bado ni mbovu. Wangetusomea barua."

Nilikaa kitandani nikaitafuta. Ipo. Inapita upesi, kwenye kona ya picha, wakati mbele binti mkubwa anaongea kwa hasira na macho ya kila mtu yako kwake. Mkono wa mzee wenye ile saa iliyopasuka kioo, karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa nene, kidole gumba kinaisukuma, halafu kiganja juu ya meza kuipima. Kiganja kile kile! Mama alipoitikisa meza mwishoni alikuwa anafanya alivyokuwa akifanya mumewe, vidole vimetanuka vile vile. Nikarudisha nyuma, nikatazama, nikarudisha tena. Mtu aliyeipa nyota moja ndiye aliyeliona hili. Alirudi peke yake usiku, hakuna aliyemtuma, akapekua kitu anachosema ni kibovu mpaka akanikuta na zawadi. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilifurahi mpaka nikashindwa kulala, na safari hii kwa sababu nzuri.

Nilimjibu kwa ujumbe mrefu kuliko wake. Nikamwambia sikubali: hajamrudishia mzee kazi, ameichukua, sasa ni ya kwake. Jibu likaja hapo hapo: "Hapana." Na jingine: "Jumapili nakuja na ushahidi." Asubuhi dada akanipigia, sauti ya mtu ambaye hakufumba jicho. "Mmemfanya nini mume wangu? Amenikesha na runinga, kila nikigeuka ananiambia tazama miguu ya meza."

Swali lake la sebuleni sijamuuliza tena.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo jingine linanikosesha raha. Nilipompigia baba kumpa jina la mjukuu, aliniuliza ni nani, nikamwambia, akauliza tena, nikamwambia, akauliza tena. Nilidhani ni mtandao. Halafu nikasikia anahamishia simu sikio lingine, na ghafla akanisikia vizuri, akalitamka jina lote. Mama anasema ni miezi sasa akimwita kutoka upande wa kushoto haitiki, na yeye amekuwa akidhani amenuniwa. Kaka ana mtoto mchanga, hawezi kubebeshwa hili. Dada anasema nimwambie mimi akapimwe, kwa kuwa eti mimi ndiye ninayesikilizwa. Mzee huyu tulimbembeleza mwaka mzima ndipo akakubali miwani.