Mama kanishika usoni kaniuliza kama nimeanza kujichubua

Juzi Jumapili nimeenda kwa mama Mbagala uso unabanduka, pembeni mwa mdomo na kidevuni vile vijikaratasi vya ngozi vinaning'inia, nimekaa tu mkekani hata salamu hatujamaliza mama kaniangalia weee, akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha afu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe, umeanza kujichubua?"

Nikacheka ila sio kicheko cha raha, maana najua anachokiona kichwani. Mama mdogo, yaani mdogo wake, alipaka mkorogo miaka mingi na mpaka leo vifundo vya vidole ni vyeusi tii, mashavu yana wekundu wa ajabu na mishipa inaonekana, akikaa jikoni dakika kumi uso unamuwaka. Kwahiyo mama akisikia mtu anachezea ngozi yake hataki hata kukaa kusikiliza.

"Sio mkorogo mama, ni pilingi."

"Ndo kuchubua huko huko."

Na hapo sasa ndo tatizo, maana kwa Kiswahili hayuko mbali! Vitu viwili tumevipa neno moja. Mkorogo kazi yake ni kufukuza rangi, ile haidrokwinoni inayochanganywa humo inazuia ngozi isitengeneze melanini, yaani ile rangi yenyewe, zebaki hivyo hivyo, na steroidi inafanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya maandazi, ndo maana mishipa inaonekana. Pilingi yenyewe, yaani kupakwa asidi ngozi ya juu ibanduke, haina ugomvi na rangi yako, inashughulika na ngozi iliyokufa juu na ile tabaka la chini yake kidogo. Nimemaliza pilingi ya nne na mimi bado ni mweusi vile vile nilivyozaliwa, kilichopungua ni madoa ya chunusi tu.

Nilivyomwelewesha ni hivi, nikamshika kisigino. Mama ana magaga na kila jioni anayasugua na jiwe, nikamwambia hii ngozi unayoitoa imekufa zamani ila imeng'ang'ania, na ya usoni ni hivo hivo sema hatuioni. Seli zinazaliwa chini zinapanda juu taratibu, safari nzima kama wiki nne hivi kwa mtu mzima kijana, umri ukienda inachukua muda zaidi, zikifika juu ni bapa na zimekufa na zimeshikana kwa kitu kama gundi. Asidi inakuja kulegeza ile gundi. Basi. Hakuna kusugua, zinaachia zenyewe siku kadhaa baadae, na huku chini ngozi ikishtuka kwamba imepungukiwa inaharakisha kutengeneza nyingine. Doa la chunusi ni melanini iliyobaki humo kwenye matabaka, sasa matabaka yakiondoka haraka nalo linaondoka nayo.

Kilichomgusa zaidi ni mtindi. Bibi alikuwa anatupaka mtindi usoni tukiwa wadogo, nikamwambia mama ile nayo ni asidi, ya laktiki, sema dhaifu sana, wataalamu wameichukua hiyo hiyo wakaiongezea nguvu. Glaikoliki inatoka kwenye muwa, mandeliki kwenye lozi chungu, na salisiliki ni ndugu wa aspirini. Akatulia kidogo. "Kumbe mtindi."

Sasa niwaambie nyie ambacho mama sikumwambia. Hii sio mara yangu ya kwanza. 2022 nilienda saluni moja, nimeona picha mtandaoni, dada hakuniuliza chochote, hajui natumia nini usoni, kanilaza kanipaka glaikoliki afu simu ikaita akatoka nje kuongea. Nikaanza kuwaka. Nikaita, akachungulia mlangoni akasema "ndo inafanya kazi hiyo dada vumilia" akaendelea na simu yake, na mimi mjinga nikavumilia. Nilikuja kujua baadae kwamba glaikoliki haijizimi yenyewe, inabidi mtu akae pale na saa, muda ukifika aizime kwa maji yenye bekingi soda, ikiachwa inaendelea kushuka tu chini. Nikatoka na kidonda shavu la kushoto, kikapona vizuri tu, afu ndo kikaanza kuwa cheusi, yaani doa kubwa kuliko yote niliyoenda kuyatoa, nimekaa nalo karibu mwaka mzima nafunika na foundesheni hata nikienda dukani kununua vocha.

Na hii ndo kitu ambayo sisi weusi tunatakiwa tuijue kabla ya yote. Ngozi yetu ikiungua, ikikwaruzwa, ikichomwa na chochote, seli za melanini zinapanik zinamwaga rangi. Mzungu akiunguzwa kidogo na pilingi anakuwa mwekundu wiki inaisha, mimi nakuwa na doa la miezi. Kwahiyo wale mnaosema "nataka ile kali inayobandua sana nione hela yangu imefanya kazi" mnajitafutia. Kwa ngozi nyeusi, pilingi dhaifu ya kurudia mara nyingi inaishinda kali ya mara moja, na kubanduka sana sio alama ya kwamba imefanya kazi vizuri, pilingi yangu ya pili sikubanduka kabisa na ndo iliyonipa matokeo.

Kuna za juu juu, kuna za kati kama TCA yenye nguvu, yaani asidi ya trikloroasetiki, na kuna ya ndani kabisa ya fenoli ambayo inafanywa mtu kaunganishwa mashine ya moyo maana ikiingia kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo, na ngozi ya pale inaweza kubaki nyeupe moja kwa moja. Hiyo kwetu sahauni.

Safari hii nilienda kwa daktari wa ngozi, mama mtu mzima, maswali kama mtihani. Una mimba? Unanyonyesha? Umemeza isotretinoini, vile vidonge vya chunusi sugu, hivi karibuni? Ukipata homa unatoka malengelenge mdomoni? Makovu yako yanavimba? Retinol yangu, ile ya vitamini A ninayopaka usoni, akanisimamishia wiki nzima kabla, na siku ya kwanza hakunipaka hata usoni, alinipaka nyuma ya sikio akaniambia nenda urudi wiki ijayo. Nilinuna, nauli yangu jamani. Ila ndo adabu yenyewe hiyo.

Aliyonifanyia ni salisiliki ya asilimia 20, anasema inawafaa wenye chunusi na ngozi ya mafuta kwasababu inazama mpaka ndani ya vitundu, na ikikauka inaishiwa nguvu yenyewe. Kaniosha na kitu kinanuka spiriti kuondoa mafuta, kapaka vaselini pembe za pua na midomo, kanipa kifeni kidogo nishike mwenyewe, afu akapitisha paji la uso kwanza. Sekunde kama ishirini hakuna kitu, halafu ikaja, kama umejipaka pilipili na limao kwa pamoja, machozi yanatoka nacheka, na ghafla ikawa ganzi. Akanipa kioo nimejaa unga mweupe kama mtoto katoka kupakwa poda, sio ngozi imeungua, ni asidi yenyewe imeganda juu. Akaosha na maji, kwisha.

Siku ya kwanza hamna kitu. Ya pili uso umekaza, ukitabasamu unasikia. Ya tatu ndo nikaanza kubanduka nikiwa kwenye daladala, na nilivuta kipande kimoja kidevuni, nakiri, kikaacha alama ndogo mpaka leo. Msivute. Vaselini, maji, sabuni laini, na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, kila asubuhi hata kama kuna mawingu, maana ile ngozi mpya jua likiipata unarudi pale pale ulipotoka au pabaya zaidi. Kama huwezi kupaka sanskrini kila siku bora hiyo hela ukanunulie chipsi kuku.

Mashimo ya chunusi usitegemee yaondoke kwa hizi za juu, yangu mawili ya shavuni yapo vile vile.

Na zile chupa za njano za mtandaoni zinazoandikwa pilingi za nyumbani, siku tatu uso mpya, hebu tuache. FDA ya Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, 2024 ilitoa onyo kabisa watu wasinunue pilingi kali za TCA, glaikoliki na nyinginezo kujifanyia wenyewe, kwa sababu kuna walioungua na kupata makovu. Ukitaka kitu cha nyumbani tafuta chenye asidi ya AHA (kundi la kina glaikoliki na laktiki) isiyozidi asilimia 10 na pH isipungue 3.5, maana pH ikishuka asidi ndo inakuwa kali, na kama chupa haijaandika hivyo vitu irudishe ilipokuwa.

Turudi kwa mama. Alisikiliza yale ya kisigino na mtindi, akaniangalia tena kidevu, akanyoosha mguu. "Na hiyo asidi yako, kwenye magaga inaweza?"

Nikamwambia ya usoni hapana, ila kuna krimu ya yurea duka la dawa. Jumatano nimempelekea, kaipaka kavaa soksi kalala nayo, asubuhi kapiga simu kulalamika imeteleza karibu aanguke bafuni.