Lanyadi ya Mnarani Haikutosha Mlimani

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipanda minara ya simu kati ya Nakuru na Kericho. Ndiyo maana mpwa wangu aliponiomba nimsindikize Mlima Kenya, tupite mahali palipofungwa mwambani nyaya za chuma ambazo mpandaji hujifunga kwazo, karibu na kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, sikuona kwamba nilikuwa na lolote la kujifunza kuhusu vifaa. Nilikuwa na mkanda wa mwili mzima, kofia ngumu, na lanyadi, yaani kamba fupi ya usalama inayomfunga mpandaji kwenye chuma, ya mikono miwili yenye kifyonza mshtuko, yaani ule mfuko mdogo wenye utepe ulioshonwa na kukunjwa ndani, ambao hufumuka mtu anapoanguka ili mwili usisimamishwe kwa ghafla. Nilidhani kilichobaki ni kumwazimia yeye seti ya pili kutoka stoo ya kazini.

Aliyenizindua ni yeye mwenyewe. Alikuwa akisoma kibandiko cha lanyadi yangu akaniuliza, "Mjomba, hapa pameandikwa kilo 100. Wewe una kilo ngapi?"

Tulikwenda kwa muuza nafaka jirani, tukapanda mizani ya magunia tukiwa tumevaa nguo za baridi na mabegi mgongoni. Mimi nilikuwa kilo 107, naye kilo 51. Nakiri kwamba niliona haya, kwa kuwa mnarani hubeba pia spana na mikebe ya rangi, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kujipima pamoja na mzigo wangu. Tangu siku hiyo nilianza kusoma vibandiko kwa makini, nikagundua kwamba vifaa vya kazi na vya mlimani vinafanana kwa macho tu.

Lanyadi ya kazini hupimwa kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 355, ambacho hutumia uzito wa kilo 100 na kutaka nguvu inayomfikia mtu isizidi kilonyutoni 6 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu). Lanyadi ya kupitia nyaya mwambani ina kiwango chake, EN 958, ambacho tangu toleo la mwaka 2017 humhesabu mtu wa kilo 40 hadi 120, na hutaka yule mwepesi kabisa asipate zaidi ya kilonyutoni 3.5. Tofauti hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko nyingine zote. Kifyonza kilichoshonwa kwa ajili ya mwanamume mzito hakifumuki vizuri chini ya msichana wa kilo 51. Yeye husimamishwa kwa kishindo, na kamba isiyokatika inaweza kumvunja mgongo. Kwangu hatari ilikuwa kinyume chake, kwamba mshono ungeisha kabla mwili wangu haujasimama.

Kisha kuna namna ya kuanguka. Mpandaji wa kawaida aliyefungwa kamba huanguka, akifikia pabaya kabisa, mara mbili ya urefu wa kamba iliyotoka, na kamba yenyewe hunyumbuka. Penye waya uliosimama wima mambo ni tofauti, kwa sababu karabina, ile kulabu ya chuma yenye kufuli iliyo mwisho wa mkono wa lanyadi, huteleza pamoja nawe hadi pini ya chini iliyochimbiwa mwambani. Nilimchorea mpwa wangu hesabu hiyo kwenye karatasi: ikiwa pini zimeachana mita 3, nawe umeteleza ukiwa karibu kufika ya juu, utashuka mita hizo 3, halafu mita nyingine 1 ya mkono wa lanyadi, jumla mita 4 zinazobebwa na utepe wa mita 1 tu. Ndiyo maana mtu anayejifunga kwa utepe mtupu usio na kifyonza, kama nilivyoona vijana wakifanya katika picha wanazojivunia, hana kinga yoyote. Afadhali ajue hivyo kuliko kudanganyika kwamba amefungwa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Muuzaji mmoja wa mitumba mjini alikuwa na lanyadi mbili za mlimani, zenye mikono ya utepe uliotiwa mpira ndani, kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi. Nilizinunua bila kuuliza. Nyumbani nilipofungua zipu ya mfuko wa ya kwanza, nilikuta utepe umefumuka nusu na kurudishwa ndani kwa mkono. Mtu aliwahi kuiangukia, na kifyonza hufanya kazi mara moja tu. Ya pili haikuwa imefumuka, lakini kibandiko chake kilikuwa kimekatwa, hivyo sikuweza kujua mwaka wake. Mwaka si jambo dogo kwa vifaa hivi. Mwaka 2012 mpandaji alifariki Austria baada ya mikono yote miwili ya lanyadi yake ya mpira kukatika alipoanguka, na watengenezaji wakalazimika kuwaomba wateja warudishe bidhaa nyingi za aina hiyo, kwani ilibainika kwamba kuvutwavutwa katika matumizi ya kawaida kulidhoofisha utepe. Toleo la 2017 linataka mikono ya namna hiyo ivutwe mara 50,000 kabla ya kupimwa nguvu. Nilizikatakata zote mbili kwa kisu na kuzitupa vipande vipande, ili asije mtu mwingine akaziokota.

Hatimaye lanyadi mpya mbili zilikuja na rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Ujerumani. Nilimwagiza ahakikishe herufi K iliyozungushiwa duara kwenye karabina, ambayo ndiyo alama ya karabina zilizoundwa kwa nyaya, zenye mdomo mpana na kufuli linalojifunga lenyewe. Nilitaka pia kitanzi kifupi cha kujifungia kwenye waya wakati wa kupumzika. Hanesi ya kiunoni, yaani mkanda wa kupandia, na helmeti ya mlimani tulikodi. Kofia yangu ya kazini niliiacha, kwa kuwa kamba yake ya kidevuni imeundwa iachie ikivutwa, ilhali mlimani unataka ibaki kichwani hata ukibingirika.

Wiki tatu kabla ya safari nilifunga waya kwenye ukuta wa uani, futi mbili kutoka chini, nikapiga pini nne. Mpwa wangu alipita hapo kila jioni akihamisha karabina moja, kisha nyingine, asiziondoe zote mbili kwa wakati mmoja hata mara moja. Ni pale uani tulipogundua tabia yake ya kuning'iniza mkono usiotumika kwenye kitanzi kigumu cha hanesi. Kazini tunaikataza, kwa sababu mtu akianguka, mkono huo huzuia kifyonza kufumuka, na nilishukuru kwamba walau jambo hilo moja nililijua kutoka mnarani.

Tulipanda mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi. Nyaya zilikuwa baridi kiasi kwamba glavu zake nyembamba hazikufaa kitu, na zangu nene zilimfanya ashindwe kubana kufuli la karabina. Tulibadilishana, mimi nikabaki na zile nyembamba na vidole vilivyokufa ganzi. Kifaa nilichokipuuza kabisa ndicho kilichotuchelewesha. Mwongozaji wetu, ambaye hakutaka tuwe kwenye chuma mawingu ya mchana yakianza kukusanyika kwa sababu ya radi, alisubiri bila kutukemea, lakini aliitazama saa yake mara mbili.

Kwenye pini ya tano mpwa wangu aliteleza, si zaidi ya nusu mita. Mwongozaji alimsimamisha palepale, akafungua zipu ya mfuko, akapitisha kidole juu ya mshono wote, na hakuufunga hadi nami nilipouona kwamba haujaguswa.