Mama na mibuyu ya Kununurra

Mwaka 2018 mama yangu alitoka Mpwapwa akaja kukaa nasi Darwin, kaskazini mwa Australia. Alifika Juni, kiangazi kimeshaingia, na kiangazi cha huku kinafanana sana na cha Dodoma: nyasi zimekauka, mbingu haina wingu, alfajiri kuna kibaridi. Hata hivyo hakuchangamka. Nyumbani kwetu kila kitu ni cha kubonyeza, na wanangu Kiswahili wanakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Akawa anakaa barazani akichambua mchele ambao tayari ni safi. Niliumia kumwona hivyo. Huyu ni mwanamke aliyetulea sita kwa jembe la mkono, leo anaomba ruhusa ya kuwasha jiko.

Shule zilipofungwa mwezi wa saba, mume wangu akasema tumtoe Mama mjini. Tukaazima karavani ya jirani, ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko na friji, tukaifunga nyuma ya gari, tukashika njia ya mji wa Katherine kuelekea Kununurra, mji mdogo wa jimbo jirani la Western Australia.

Kutoka Katherine hadi Kununurra ni zaidi ya kilomita 500, na katikati hakuna mji wa kuuita mji. Kuna vichuguu vyekundu, ng'ombe wachache, kituo cha mafuta, kisha vichuguu tena. Malori ya kule huvuta matela matatu hata manne, mengine yanafika mita 53. Likikupita, karavani inayumba. Mume wangu anakaza usukani, Mama anasali kimoyomoyo.

Tulipovuka mto Victoria na kusonga mbele kidogo, Mama akapaza sauti: "Baba, simama! Simamisha gari! Ule si mbuyu?"

Ulikuwa mbuyu kweli. Mfupi kuliko ya kwetu, tumbo limejaa kama mtungi, umepukutisha majani yote, na matunda yananing'inia kwenye vikonyo. Mama akashuka kabla gari halijatulia. Akauzunguka taratibu, kiganja kwenye gome, akalibonyeza kwa kidole gumba pale lilipopasuka. Nilikuwa nimeishi Darwin miaka, nimeiona mibuyu hiyo imepandwa kwenye bustani, lakini sikuwahi kusimama chini ya mmoja ulioota wenyewe. Mibuyu ya dunia ni aina chache tu: sita ni za Madagaska, mmoja wa kwetu Afrika bara, na huu ambao porini hauoti popote ila Kimberley, kaskazini mwa Western Australia, na pembe hii ya Northern Territory, jimbo letu la Darwin. Waaustralia huuita boab.

Kuanzia hapo safari ikawa ya Mama. Kila baada ya kona anahesabu kwa sauti. Mwanangu wa kiume, ambaye yeye humwita "mume wangu", akahamia kiti cha karibu naye, na binti yangu akaanza maswali: Bibi, majani yake yanaliwa? Bibi, ndani kuna maji? Mama akawasimulia mbuyu wenye shimo alikokuwa akitekea maji akiwa msichana, na mlenda wa majani ya mbuyu. Mimi mwenyewe habari za lile shimo nilikuwa sijawahi kuzisikia.

Kupita Timber Creek kidogo tulisimama kwenye mbuyu ambao watu wa msafara wa Augustus Gregory, Mzungu aliyekuja kuichunguza nchi ile, waliuchonga tarehe yao, Julai 2, 1856. Maandishi yanasomeka hadi leo. Mahali hapo ni patakatifu kwa Wangarinyman, wenyeji wa asili waliokuwapo kabla ya Gregory na kisu chake, na binafsi ilinikera kwamba mti wao umebaki na jina la mgeni, na hata katika vitabu vya sayansi aina nzima ya mbuyu huu inaitwa kwa jina lake. Mama aliyatazama yale maandishi, akasema, "Wangeuliza kwanza wenyewe," akarudi garini.

Usiku ule kambini tulikuwa na kazi. Mpaka wa Western Australia una ukaguzi mkali: matunda, mboga mbichi na asali haviingii, kwa sababu ya wadudu na magonjwa ya mimea na nyuki. Kilichopikwa kinapita. Wasafiri wote wanajua, kwa hiyo jioni kambi nzima inanukia vitunguu. Asali yetu na maembe tuliwapa wazee fulani waliokuwa wanarudi Katherine. Mchicha nilioununua soko la Rapid Creek, Darwin, ulikuwa fungu kubwa, nikataka kuutupa. Mama akaninyang'anya. Akaukatakata wote, akaweka nyanya na vitunguu vyote vilivyobaki, akaunga kwa karanga. Sufuria ikajaa mpaka ukingoni.

Mpakani, ofisa kijana aliingia karavani kwa adabu, akafungua friji, akainua magodoro, akaja kwenye sufuria. Akafunua, akanusa, akauliza ni nini. Mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni mchicha na karanga, na kama ana njaa sahani zipo. Nikatafsiri. Yule kijana akacheka, akatupungia mkono tupite. Saa zetu zikarudi nyuma saa moja na nusu.

Kununurra ni nchi ya Wamiriwoong, wenyeji wake wa asili. Tulisimama kununua maji, na chini ya mti kando ya maduka alikuwa ameketi mama mmoja mzee, mwenyeji, mbele yake kitambaa kilichopangwa matunda ya mbuyu. Alikuwa anayachora kwa ncha ya kisu: anakwangua ganda la kahawia mpaka weupe utokeze, na weupe huo unakuwa kangaruu, mjusi, ndege. Mama akamwamkia kwa kupiga goti kidogo, akaokota tunda moja lisilochorwa, akalitikisa karibu na sikio. Yule bibi akamtazama kwa makini. Akalichukua, akaligonga kwenye jiwe, likapasuka, akampa Mama nusu.

Ndani ulikuwa unga mweupe ulioshikana na mbegu. Mama akaumumunya. "Ni ubuyu," akasema, "uchachu tu umepungua." Akawagawia wanangu, nao kwa mara ya kwanza wakala kitu cha Bibi bila kuuliza kina nini.

Nikawa mkalimani. Yule bibi akaeleza kwamba kwao pia unga ule huliwa, na mizizi ya mbuyu mchanga huchimbwa ikaliwa. Mama hakuwahi kusikia habari ya mizizi. Alinifanya niulize mara mbili. Naye akaeleza uji wa ubuyu, akionyesha kwa mikono namna ya kuloweka na kuchuja. Nilipotoa pesa ya lile tunda, yule bibi akakataa. Mama akaniambia, "Mwanangu, kalete sufuria."

Tulikula pale pale chini, kwa mkate wa dukani, mchicha wa Mama ukizunguka. Yule bibi aliomba kuongezewa, kisha akamwita mjukuu wake kutoka ng'ambo ya barabara naye aje aonje. Tulikuwa tumepanga kulala Wyndham siku hiyo. Tulilala Kununurra, na asubuhi Mama akataka turudi tena chini ya ule mti, maana alikuwa hajauliza majani yanapikwaje.