Goma: noti, bidoni na majina ya marehemu

Tangu waasi wa M23 waiteke Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, saini za amani zimekuwa nyingi kuliko noti mpya mjini. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington. Julai 19 likaja tamko la Doha kati ya Kinshasa na AFC/M23, yaani M23 na muungano wao wa kisiasa, Novemba 15 mkataba mwingine hukohuko Doha, na Desemba 4 marais wenyewe wakakaa mezani Washington. Siku chache baadaye M23 walikuwa ndani ya Uvira, mji mwingine wa mashariki.

Mimi mikataba hii naisoma kwa kuanzia mambo madogo. Naruka utangulizi, naruka heshima ya mipaka, natafuta nani ataleta fedha taslimu, nani atawasha pampu, na nani ataandika jina la aliyekufa kwenye daftari litakalokubalika kote nchini. Mkataba usioyagusa hayo ni makubaliano ya wenye bunduki kuhusu bunduki.

Tuanze na fedha, maana huko ndiko watu wengi walio mbali na vita hawaelewi kinachotokea.

Tawi la Benki Kuu ya Kongo mjini Goma lilipofungwa, benki za biashara nazo zilifunga. Sababu si woga peke yake. Benki ya biashara hupata noti zake kutoka Benki Kuu na huko ndiko hurudisha zilizochakaa. Uwanja wa ndege nao ukafungwa, na Kinshasa iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapo, bila barabara ya kupitisha gari la fedha. Mishahara ya walimu na watumishi wengine wa serikali hupitia benki. Maana yake mwalimu wa Goma anaweza kuandikwa kuwa amelipwa huku hana hata faranga ya kununulia makaa.

Wakati huohuo noti zilizobaki zinatoka. Mafuta, saruji na sehemu kubwa ya bidhaa za dukani huingia kutoka Rwanda na Uganda, na mfanyabiashara wa ng'ambo anataka dola mkononi. Dola zikitoka hazirudi kwa urahisi. Za kwanza kupotea ni faranga ndogo, za 100, 200 na 500, kwa sababu ndizo zinazopita mikono mingi na kuchakaa mapema. Chenji ikikosekana, bei hupanda bila mtu kutangaza: cha 300 kinauzwa 500, au muuzaji anakubandikia nyanya mbili ambazo hukuziomba. Noti iliyopauka ambayo jana ilipita, leo muuzaji anaigeuzageuza na kukurudishia. Dola ndiyo kabisa: hata siku za amani, Kongo nzima dola yenye mpasuko mdogo pembeni haipokelewi.

Simu ikachukua nafasi ya benki. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zilikuwepo zamani, lakini sasa zimebebeshwa mzigo ambao hazikuumbiwa. Wakala ana mifuko miwili: floti ndani ya simu na noti ndani ya droo. Siku za kawaida wengine wanaweka, wengine wanatoa, mifuko inasawazishana. Benki zikifungwa, kila mtu anataka kutoa na hakuna anayeweka. Floti inajaa, droo inakauka. Ili aijaze, wakala huvuka mpaka au hutafuta mfanyabiashara mwenye noti na kumlipa kwa floti, na safari hiyo au faida ya huyo mfanyabiashara huingia kwenye makato yako. Akidai asilimia 5 juu ya ada ya mtandao, dola 100 aliyotuma kaka yako inafika mkononi ikiwa chini ya 95. Watu humwita wakala mwizi. Wezi wapo, lakini wengi wanauza kitu kilichoadimika, na bei ya kitu kilichoadimika inajulikana.

Kwa anayetuma kutoka Dar, Nairobi au Ulaya, mambo machache yanaokoa fedha. Uliza kwanza wakala wa mtaani kwake ana noti gani leo, dola au faranga, kabla hujatuma. Akaunti ya dola na ya faranga kwenye simu ni mbili tofauti, na kubadilisha ndani ya simu mara nyingi huwa kwa kiwango kibaya kuliko cha mtaani. Usitume dola 200 kwa mpigo wa kutolewa siku moja ikiwa mawakala wa hapo hawana akiba ya kiasi hicho. Atalazimika kuzitoa vipande vipande, na kila kipande kina ada yake. Duka likipokea malipo ya simu, na alipe humohumo bila kuzigusa noti. Makato yakubaliwe kwa mdomo kabla ya kuingiza namba ya siri, si baada. Na hakikisha jina la laini ni lilelile la kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho. Februari 2025 waliokimbia vita na kukaa kambi kama Bulengo walipewa saa 72 waondoke. Mtu anayebeba watoto, godoro na sufuria kwa muda huo huacha vitu, na kadi ni kitu chepesi sana kusahaulika.

AFC/M23 walifungua mfuko wa akiba wa CADECO mjini Goma Aprili 2025. Kufungua mlango si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba nyuma ya kaunta ile hakuna Benki Kuu, na anayeweka akiba anajiuliza nani atamrudishia mji ukibadilisha mkono tena. Mwaka 2012 M23 hawahawa waliingia Goma Novemba 20 wakatoka baada ya siku kama kumi. Watu wanakumbuka, ndiyo maana hawaweki.

Maji nayo ni siasa, ingawa hayapewi aya kwenye mikataba. Umeme ulipokatika Januari ile, pampu zilisimama na watu wakateremka na bidoni, yaani madumu ya maji, hadi Ziwa Kivu. Goma inajua gharama ya kunywa ziwa bila kutibu: mwaka 1994, karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kinachofanyika ufukweni ni rahisi na hukosewa kirahisi vilevile. Mtu wa kujitolea hukaa njiani na bomba la sindano lisilo na sindano, kila bidoni inayopita anaitia klorini. Maji-mama, ile klorini kali inayotiwa kidogokidogo, hutengenezwa kwa gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 70 ndani ya lita moja ya maji safi. Hapo unapata mchanganyiko wa takriban asilimia 1. Mililita 4 za mchanganyiko huo kwenye bidoni ya lita 20 ni miligramu 2 kwa kila lita. Lakini hiyo 4 si amri. Asubuhi huchukuliwa bidoni nne za maji ya sehemu hiyo, zinatiwa mililita 2, 4, 6 na 8, zinasubiriwa dakika 30, kisha hupimwa klorini iliyobaki. Inayoonyesha karibu miligramu 0.5 kwa lita ndiyo dozi ya siku. Mvua ikinyesha na maji yakawa na tope, dozi ya jana haifai, kwa sababu tope linaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Maji hayo yachujwe kwa kitambaa au yaachwe yatulie kwanza.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Maji-mama huwekwa kwenye chupa angavu juani na nguvu inaisha. Yanataka chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, na yatengenezwe upya angalau kila wiki. Bidoni ina utelezi wa kijani ndani, klorini inaishia kwenye utelezi. Tia kokoto na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, mwaga. Na mtoto anakunywa njiani kabla ya nusu saa kwisha, kwa sababu amebeba kilo 20 kupanda mlima na ana kiu. Hilo la mwisho halina dawa zaidi ya kumwekea maji yaliyokwisha tibiwa hapohapo.

Sasa wafu.

Mapema Februari 2025 Umoja wa Mataifa ulitaja karibu miili 2,900 Goma: kama 2,000 ilikwisha kukusanywa na kuzikwa, 900 ikiwa bado mochari. Mochari bila umeme haihifadhi kitu. Hapo huzuka hofu kwamba maiti zitaleta magonjwa, na kwa hofu hiyo watu huzikwa harakaharaka bila alama. Mwili wa aliyeuawa kwa risasi au bomu hauanzishi mlipuko wa ugonjwa. Aliyekufa kwa kipindupindu au Ebola ni habari nyingine. Kwa hiyo saa mbili za kuandika kabla ya kufukia zinapatikana karibu kila mara, na mimi naona kuzinyima familia saa hizo ni kumuua mtu mara ya pili.

Katika saa hizo mwili hupewa namba moja isiyorudiwa, iandikwe kwenye kibandiko kisichoharibiwa na maji na kifungwe mkononi au mguuni, si kwenye nguo tu. Picha nne zinatosha: mwili mzima kwa mbele, uso ukiwa umesafishwa, nguo, na alama yoyote ya pekee kama kovu, chale au jino lililokosekana. Namba ionekane ndani ya kila picha, kwa sababu simu ikichanganya mpangilio wa picha, kazi yote imepotea. Pete, funguo, rozari, laini ya simu viingie mfuko mmoja wenye namba ileile. Kisha iandikwe mwili uliokotwa wapi, lini na nani. Mahali pa kuokotwa husema mengi: mama anayejua mwanawe alielekea uwanja wa ndege ataanza na waliookotwa huko.

Kaburi liwe la mtu mmoja. Ikishindikana, miili ilazwe safu moja, sentimita 40 kati ya mmoja na mwingine, kamwe isirundikwe, na mchoro uonyeshe nani yuko wapi kuanzia kichwa cha shimo. Pawe mbali na kisima, mita 200 ni kipimo kinachotumika sana. Goma kuna shida yake: sehemu kubwa ya ardhi ni lava ya volkano ya Nyiragongo, jembe linagonga mwamba mapema, na kishawishi cha kuchimba shimo moja kubwa pale penye udongo ni kikubwa.

Wapo ambao picha ya uso haisaidii. Gereza la Munzenze lilipovunjwa Januari 27, zaidi ya wanawake 100 walikufa katika moto baada ya wengi wao kubakwa. Hapo hubaki meno, vitu vya chuma, na orodha ya waliokuwa ndani. Orodha hiyo ikichomwa pia, hakuna mkataba utakaoirudisha.

Anayetafuta ndugu hufika ofisi ya Msalaba Mwekundu akiwa na simu yenye picha, na hilo ni jema, lakini fomu ya kutafuta inataka zaidi: majina yote pamoja na la utani, jina la baba na la mama, mwaka na mahali pa kuzaliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho na tarehe. Jina la mama ndilo husahaulika, na ndilo hutenganisha watu watatu wenye jina moja. Barua za kifamilia hupelekwa wazi, bila kufungwa, nazo husomwa. Ndani ziwe habari za nyumbani tu. Mstari mmoja kuhusu askari waliopita mtaani unaweza kuizuia barua nzima. Familia isiyopata jibu inabaki na matanga yasiyoanuliwa, mjane asiyejua kama ni mjane.

Majeshi ya SADC yaliondoka. Katika mapigano ya Januari 2025 Tanzania ilipoteza askari wawili na Afrika Kusini 14. Hao majina yao yalisomwa, majeneza yakapokelewa. Kwa raia wa Goma hata cheti ni kitendawili. Kwa sheria ya Kongo mtoto anapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90 za kuzaliwa, baada ya hapo ni mahakama. Mahakama ipi, ya nani? Muhuri unaopigwa na wanaoushika mji, Kinshasa haiutambui. Hivyo mikataba ijayo, itakaporudi kwenye kurejesha mamlaka ya serikali, ingefaa iwe na kipengele kimoja kikavu: vyeti vyote vya kuzaliwa, vifo na ndoa vilivyotolewa tangu Januari 2025 vihakikiwe na viingizwe kwenye daftari la taifa bila ada wala faini, hata kama aliyeupiga ule muhuri atashtakiwa kesho yake.