Kopo la biskuti la askari wa Keya

Masika ya 2011 yalipokwisha, shangazi alilivuta kopo la biskuti kutoka uvunguni, nyumbani Makorora, Tanga, akaliweka jamvini. Mlikuwa na picha za marehemu babu, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alizopiga Ceylon na Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kamera ya sanduku, ile ya filamu ya 120 inayotoa picha nane tu kwa roli. Hazikukuzwa, zilichapwa ukubwa uleule wa negativu, sentimita 6 kwa 9. Negativu zenyewe hazikuwemo.

Zilikuwa zimegandana kama tofali. Uso wa picha za zamani ni jelatini, nayo hunywa unyevu. Ifungie ndani ya bati karibu na bahari, itavimba masika na kushikamana na mgongo wa jirani yake, kisha ikauke kaskazi na kuwa gundi. Shangazi alitaka tuzianike. Binamu yangu hakungoja. Alipenyeza ukucha, akavuta. Picha ya juu ikabanduka na kichwa cha askari wa picha ya chini kikiwa kimeng'ang'ania mgongoni mwake.

"Ebo! Wacha!" shangazi akamaka.

Hiyo ya juu ilikuwa na maandishi ya penseli kwa herufi za Kiarabu: Kalewa, Desemba 1944. Mbele, daraja la vyuma juu ya mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa nembo ya kichwa cha kifaru, iliuteka mji huo mwanzoni mwa mwezi, na daraja lililotandikwa hapo lilikuwa na urefu wa mita 350 hivi, refu kuliko madaraja yote ya Bailey, yale ya vipande vya vyuma vya kuunganishwa, ya wakati huo. Picha hiyo tuliinakili kwa kamera ya simu, mbele na nyuma, kando ya dirisha, bila flashi.

Zilizobaki zilihitaji maji, tena ya baridi. Maji ya bomba ya Tanga mchana ni vuguvugu, na jelatini kuukuu ndani ya maji ya moto huyeyuka ikawa uji. Tukaweka beseni ndani ya beseni: la nje barafu, la ndani maji yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa. Tofali likazama. Kwa dakika ishirini hatukugusa kitu. Kisha tukawa tunazisukuma pembeni kwa kidole, humohumo majini. Inayoteleza itoke, inayogoma iachwe. Tatu ziligoma mpaka mwisho.

Tuliwamba chandarua kipya kwenye fremu ya mbao, tukazilaza juu yake uso ukitazama juu, kivulini, feni ikizunguka polepole. Jua lingezikunja kama majani ya mkungu. Yule askari na kichwa chake tuliwatia bahasha moja, bila selotepu, maana huacha doa la manjano lisilotoka.

Nilichosahau ni wino. Penseli haijali maji, lakini nyuma ya picha nyingi za katikati babu alikuwa ameandika kwa kalamu ya nibu. Nilipogeuka, maji ya beseni yalikuwa rangi ya samawati.

Shangazi alizigeuza moja moja pale chandaruani, akitafuta penseli. Akapata moja, akaiinamia.

"Bonde la Kabaw," akasoma. "Mvua. Lori limezama hadi taa."